Siku ya Kwanza ya Hija: Kutoka Jogoo Road hadi Limuru kwa Miguu

Hija ya miguu ya kwenda Namugongo, kwa waumini wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, huanza Mei ikiwa bado mbichi na kuishia tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Kutoka Nairobi hadi Kampala ni takriban kilomita 650 kwa barabara. Namugongo iko nje kidogo ya Kampala upande wa mashariki, kwa hiyo anayetoka Kenya huifikia kabla hajaliona jiji lenyewe. Kundi linalokwenda kilomita 30 hadi 35 kwa siku huhitaji kama wiki tatu, siku za kupumzika zikiwemo. Siku ya kwanza hutoka Jogoo Road, hulikata jiji katikati, hupanda Waiyaki Way na kumalizikia upande wa Limuru. Ni kama kilomita 35, na sehemu kubwa ni mlima usiojionyesha: Eastlands iko kwenye mwinuko wa mita 1,650 hivi, ilhali Limuru inapita mita 2,200.

Mashahidi wanaokumbukwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga II wa Buganda. Wengi wao walikuwa vijana watumishi wa ikulu. Mei 1886 sehemu kubwa yao walihukumiwa Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, wakafungwa kamba na kutembezwa hadi Namugongo, mahali palipotumika kuulia watu waliohukumiwa. Baadhi waliuawa njiani, na waliofika wakachomwa moto tarehe 3 Juni. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki hao 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na 1969 akaenda mwenyewe Uganda kuwaheshimu. Miguu basi haikuongezwa baadaye kama pambo la ibada. Mashahidi wenyewe walifika Namugongo kwa miguu, tena bila hiari yao.

Maandalizi ni kazi ya parokia, na ndani ya parokia ni kazi ya jumuiya ndogondogo, zile zinazokutana kila wiki sebuleni kwa mtu au uani mwa ploti. Majina huanza kuandikwa wakati wa Kwaresima. Anayejiandikisha huhitaji barua ya padre, namba ya simu ya ndugu wa karibu na kitambulisho. Tangu 2014 Mkenya huvuka mpaka wa Uganda kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Mwenye presha au kisukari hutakiwa aonyeshe dawa zake za siku zote za safari, wala si za wiki moja. Mchango wa gari la mizigo ndio huzua maneno mengi kuliko jambo lolote lingine, kwa sababu kila mtu hudhani mfuko wake ndio mwepesi kuliko ya wenzake. Jumamosi mbili tatu kabla ya safari, kundi hufanya zoezi la kutembea, mara nyingi kwa kufuata Kangundo Road hadi kituo cha hija cha Komarock.

Zoezi hilo huwachekesha wengi. Mtu wa Eastlands afundishwe kutembea? Mitaa ya kwanza ya upande huu, kama Makongeni, Kaloleni, Mbotela na Maringo, ilijengwa karibu na reli na Industrial Area ili mfanyakazi afike kazini kwa miguu yake. Mitaa iliyofuata ikasogea mbali zaidi: Dandora, Umoja, Kayole. Kazi hazikusogea nayo. Hadi leo, saa kumi na moja alfajiri, Outering Road na njia za kando ya reli hujaa watu waliovaa makoti mazito, wanaokwenda haraka bila kuzungumza. Wanajua kwamba kwenye geti la kiwanda vibarua huchukuliwa kwa kufuata foleni, na kwamba anayefika wa hamsini huenda akarudi nyumbani mikono mitupu. Mtu wa namna hii ana miguu imara kuliko wengi. Anachokosa ni kitu kimoja ambacho hija hukidai tangu saa ya kwanza: hajawahi kutembea akimngoja mwenzake. Mwendo wa kwenda kazini ni wa peke yake na ni wa mashindano, hata kama barabara imejaa watu. Mengi yanayoharibika siku ya kwanza huanzia hapo.

Misa ya kuwaaga mahujaji husomwa usiku, na kundi hutoka kabla ya saa kumi na moja. Padre hunyunyizia maji ya baraka watu, mifuko na gari. Msimamizi hutangaza kanuni: mstari mmoja barabarani, upande wa kulia ili magari yaonekane yakija, reflekta kwa kila mtu mpaka kupambazuke, bendera nyekundu mbele na nyuma, hakuna kuvaa vitu vya kusikilizia muziki masikioni. Kisha hufanya jambo ambalo wageni huliona la ajabu. Huwatafuta wenye mwendo mdogo, mzee wa goti bovu, mama mnene, kijana aliyetoka kuugua, na kuwaweka mbele, hatua chache nyuma ya msalaba. Wenye nguvu huwekwa nyuma. Ukiwaacha wajipange wenyewe, kundi la watu 60 litakuwa limenyooka zaidi ya kilomita moja kabla ya City Stadium, na wa mwisho watakuwa wanatembea peke yao gizani.

Jogoo Road alfajiri haiwashangai mahujaji, wala mahujaji hawaishangazi Jogoo Road. Wakazi wamezoea maandamano ya dini. Kila Jumapili Akorino hupita na vilemba na ngoma zao, Legio Maria na kanzu zao za rangi, Jeshi la Wokovu na tarumbeta. Makanga wa matatu hupiga honi na kuomba waombewe, na wachuuzi wanaoelekea Marikiti kununua mboga huwapisha bila kusimama. Mambo hubadilika baada ya Uhuru Highway. Kuelekea Westlands watu husimama kabisa kutazama, wengine huinua simu kupiga picha, na mlinzi wa geti huuliza kama ni maandamano ya kudai mishahara.

Kuanzia Uhuru Highway kundi hutembea chini ya Nairobi Expressway, barabara ya juu ya kilomita 27 iliyoanza kutumika 2022. Mwenye miguu haruhusiwi kupanda huko. Hupewa kivuli cha nguzo, vumbi, na njia ya waenda kwa miguu inayoanza vizuri, ikakatika ghafla kwenye mtaro, ikaanza tena ng'ambo ya barabara. Kwa sehemu hii wasimamizi wa bendera hufanya kazi kubwa kuliko watakayoifanya mahali popote hadi mpakani. Wengi huogopa malori ya Naivasha na usiku wa Mau Summit. Waliokwisha kutembea njia yote huogopa zaidi mizunguko ya magari ya katikati ya Nairobi, ambako dereva hutazama pengo la kuingiza gari, wala hatazami mtu.

Rozari ndiyo saa ya kundi. Husaliwa kwa sauti, mmoja akitangulia na wengine wakiitikia, na msalaba hubadilisha mikono kila tendo likiisha. Mbali na ibada, rozari hupima mwendo. Anayeishiwa na pumzi katikati ya Salamu Maria anatembea kuliko uwezo wake. Sauti ya kuitikia ikianza kukatikakatika nyuma, anayebeba msalaba hupunguza hatua bila kuambiwa. Tendo moja, kwa mwendo wa kuridhisha, huchukua kama mita 400 barabarani. Rozari nzima yenye matendo matano hukaribia kilomita mbili, ukihesabu na nyimbo za katikati. Viongozi wazoefu hawatazami simu kujua wamefika wapi. Hujua kwamba kutoka kanisani hadi mjini ni rozari fulani, na kwamba baada ya nyingine kadhaa watapumzika Kangemi.

Kangemi kuna parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, inayohudumiwa na Wajesuiti. Papa Fransisko aliitembelea asubuhi ya tarehe 27 Novemba 2015. Jioni hiyohiyo alikuwa Uganda, na siku iliyofuata akasoma Misa Namugongo. Mahujaji hukumbushana jambo hilo wakiwa wameketi na viatu mkononi, na daima hupatikana mmoja wa kusema kwamba Papa alikuwa na ndege. Hapa ndipo uji na mikate huliwa, kama gari limefika. Mara nyingi halijafika. Gari lililotoka Eastlands saa moja baada ya kundi hukwama kwenye msongamano wa Landhies Road na Muthurwa, na wenye miguu hulitangulia kwa saa nzima. Walioongoza hija zaidi ya moja hutuma sufuria ya uji Kangemi tangu usiku, au hupatana na jumuiya ya hapo iwapikie.

Katika hija moja ya Mei, kijana wa Kayole aliyekuwa akifanya vibarua Industrial Area alichoka kukaa nyuma ya akina mama. Kuanzia Museum Hill alijitoa kwenye mstari, akapita mbele ya msalaba na kupotea. Kundi lilimkuta Kangemi ameketi ukutani, anatabasamu, amekwisha kunywa soda. Alisema amengoja nusu saa na zaidi. Msimamizi, mzee wa makamo aliyestaafu kutoka shirika la reli, hakumkemea. Alimwambia, "Pumzika tu, kijana," akaenda zake. Kundi lilipoinuka baada ya dakika 20, kijana alijaribu kusimama akashindwa. Misuli ya mapaja ilikuwa imepoa na kukaza, na jasho lilikuwa limemkaukia mgongoni kwenye upepo wa asubuhi. Alitembea hadi Kinoo kwa kuchechemea, akiwa wa mwisho kabisa, bendera nyekundu ya nyuma ikimfuata.

Mbele, siku hiyohiyo, alikuwepo mama wa mtaa wa Jericho anayeuza mboga, mwenye umri wa kuwa bibi yake. Alivaa sandak za plastiki na soksi mbili mbili, kanga kiunoni juu ya sketi, na hakubeba chochote isipokuwa rozari na chupa ndogo ya maji yenye chumvi na sukari kidogo. Hatua zake zilikuwa fupi sana, kiasi kwamba vijana waliokuwa nyuma yake walilalamika kwamba wanachoka kwa kutembea polepole. Walikuwa wakisema kweli. Kutembea chini ya mwendo uliouzoea huchosha mgongo na nyonga kwa namna yake, na mwili huhitaji siku mbili tatu kuuzoea. Lakini mama huyo hakupumzika popote isipokuwa palipopangwa, na alifika jioni akiwa na pumzi ya kuimba.

Kisa hicho hurudiwa parokiani kwa kukuzwa, hadi kijana amekuwa mwanariadha na mama amekuwa ajuza. Ukikiondolea chumvi, kinabaki na funzo ambalo wasimamizi hulitumia: anayetangulia hapati mapumziko zaidi, hupata mapumziko mabaya. Huketi peke yake muda mrefu, mwili ukapoa, kisha huinuka pamoja na watu waliopumzika kwa kiasi. Hupoteza pia maji, chakula na dawa, maana vyote viko na kundi. Kwenye geti la kiwanda anayefika kwanza hupata kitu. Kwenye hija hakuna kinachogawiwa kabla wa mwisho hajafika.

Kutoka Kangemi barabara hupita Uthiru, Kinoo, Muthiga, Gitaru na Muguga. Mchana ndio mgumu. Mlima hauonekani kwa macho, kwa kuwa barabara ni pana na imenyooka, lakini paja hulijua. Mvua za masika mara nyingi hazijaisha, na saa nane au saa tisa hivi wingu hushuka kutoka upande wa Limuru. Kinachowatesa watu baada ya hapo ni baridi, ambayo wengi wa Eastlands hawakuitazamia. Aliyetoka nyumbani na fulana ya hija pekee hutetemeka Muguga, na sweta yake iko chini ya magodoro yote garini. Sasa vikundi vingi hulazimisha kila mtu abebe mwenyewe vitu vitatu: maji, sweta na karatasi ya plastiki ya kujifunika mvua. Vingine vyote huenda na gari.

Mazungumzo nayo yana ratiba yake, ingawa haikuandikwa. Asubuhi ni sala na nyimbo. Baada ya Kinoo sauti hufifia, na watu huanza kuzungumza wawili wawili kuhusu mambo yaliyowatoa nyumbani: mtoto aliyeacha shule, kesi ya shamba, mume aliyeondoka, kazi iliyoisha, mimba isiyoshika. Katika mtaa mtu huweza kuishi na jirani wa ukuta mmoja miaka kumi asimwambie haya. Barabarani husemwa kwa urahisi, labda kwa sababu wasemaji hawatazamani. Wote wawili wanatazama mbele. Mapadre wanaofuatana na kundi husema maungamo mengi ya hija hufanyika wakitembea, mchana huu, kabla ya mtu yeyote kufika mahali patakatifu.

Rironi barabara mbili hutengana. Moja hupanda na kupitia juu kuelekea Naivasha. Nyingine, ya zamani, huteremka bonde kuelekea Mai Mahiu. Viongozi huamua usiku ni ipi ya kufuatwa kesho yake. Wanaochagua ya chini huvutwa zaidi na kanisa dogo la Bikira Maria wa Malaika lililoko kwenye mteremko, lililojengwa 1942 na wafungwa wa kivita wa Kiitalia waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Wenyeji wa Kaloleni husimulia kwamba wafungwa hao wa Kiitalia walifanya kazi pia katika ujenzi wa nyumba zao za mawe miaka ya 1940, na wapo mahujaji wa mtaa huo ambao hawakubali kupita njia ya juu kwa sababu hiyo tu. Hoja dhidi ya njia ya chini ni wembamba wake, malori na, katika miezi ya mvua, mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliua makumi ya watu Mai Mahiu. Mvua ikiwa imezidi, kundi hupita juu na wa Kaloleni hunung'unika.

Kundi hufika upande wa Limuru kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, na hulazwa katika ukumbi wa parokia au madarasa ya shule iliyo karibu. Wenyeji huwa wamepika: githeri, au ugali na kabeji, na chai nyingi. Kabla ya chakula ni zamu ya miguu. Watu hukaa kwenye mabenchi, miguu ndani ya mabeseni ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na mwenye ujuzi kidogo wa uuguzi hupita na tochi. Malengelenge madogo huachwa. Makubwa hutobolewa kwa sindano iliyopitishwa motoni, maji yakatoka, ngozi ikabaki mahali pake kama kifuniko. Wanaoichana ngozi hiyo kwa haraka hujuta kesho yake. Usiku miguu hupakwa Arimis, mafuta ya kukamulia ng'ombe, na asubuhi hupakwa tena kabla ya soksi. Majeraha mengi ya miguu hutokana na viatu vipya, vilivyonunuliwa kwa heshima ya safari. Limuru ndiko kiliko kiwanda cha Bata, na hakuna mwaka ambao mtu hapendekezi kwamba hija ingeanzia hapo, kiwandani, ili watu wapewe viatu kwanza.

Baada ya chakula majina husomwa moja baada ya jingine, na kila anayeitwa huulizwa mbele ya mwuguzi kama anaendelea. Ni swali zito, kwa kuwa aliyechangiwa na jumuiya nzima huona aibu kusema miguu imeshindwa, na akinyamaza leo ataangukia mahali pasipo na hospitali karibu. Kwa sababu hiyo vikundi vyenye uzoefu huwahoji watu mmoja mmoja pembeni. Anayerudi hupanda matatu Limuru na kufika Eastlands kabla ya saa nne usiku, kwa barabara ileile aliyoitembea kutwa. Jina lake halifutwi. Nia yake ya sala hubebwa na mwenzake wa jumuiya, na mwishoni mwa Mei, kama afya inaruhusu, hupanda basi la mpakani na kujiunga na kundi Malaba au Busia kwa hatua za mwisho. Wanaobaki hupangwa upya kwa kesho kulingana na walivyotembea leo, na mara nyingi aliyekuwa nyuma kabisa, miongoni mwa wenye nguvu, husomewa nafasi mpya, ya pili kutoka msalabani.